Msingi wa Mnara Uliohamishwa

Wajukuu zangu, Jumapili mlipokuja na ile mashine yenu yenye mpini mrefu na sahani chini yake, mlinikuta naota jua kibarazani, na hata salamu hamkuimaliza. "Shikamoo babu, eti pale njia panda palipokuwa na mnara, Mjerumani alizika nini?" Mkasema mashine imelia. Mkafagia vifuniko vya soda, mkaondoa vipande vya waya, ikalia tena, tena kwa sauti nzito zaidi. Mwenzenu wa bodaboda akaanza kununua nyumba na magari papo hapo kibarazani kwangu. Nikawaambia nipeni wiki moja, kifua kinanibana. Kweli kinanibana, lakini nilitaka pia kufikiri, na mtu wa umri wangu akifikiri husinzia katikati.

Nimeamua kuandika kwa sababu nawajua. Nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kwenye habari za tindo na saruji, mtasema "sawa babu, tumekuelewa," kisha mtakwenda kuchimba.

Nianze na la kuwavunja moyo. Mnara ule haukuwa wa Mjerumani. Niliujenga mimi na Fundi Athumani miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Chini yake hakuna rupia, hakuna dhahabu, wala hiyo zebaki mnayoisikia vijiweni. Ila mashine yenu haikusema uongo. Kitu kipo, na nakijua kwa sababu nilikiweka kwa mikono hii ambayo leo hata kikombe cha chai inakimwaga. Ninawaomba msikichimbe. Sababu yake ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaeni.

Nilikuwa mwashi wa mawe katika idara ya ujenzi. Kwetu ni Ubena, nilikuja Iringa kijana mwenye mabega, na kazi niliyopewa ilikuwa ile ambayo mafundi wengine waliikwepa: minara ya kumbukumbu, mawe ya maili, vibao vya mawe kwenye madaraja, makaburi yanayotunzwa na serikali. Tulizunguka kutoka Iringa hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi kule Chunya kwenye vumbi jekundu. Nyumba ukiijenga, mwenye nyumba anakushukuru, anakupikia. Mnara hauna mwenyewe. Ukimaliza wanakuja watu waliovaa vizuri, wanasoma maneno, wanapiga picha, wewe umesimama nyuma na ndoo yako. Nilifanya hivyo miaka mingi na sioni haya kusema kwamba nilichoka mapema.

Fundi Athumani ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Mwislamu wa Mlandege hapa hapa Iringa. Babu yake alikuja na misafara ya pwani akaoa huku, baba yake akazaliwa huku, naye mwenyewe akazaliwa huku. Lakini ukimwuliza kwao ni wapi, atakujibu Bagamoyo, mji ambao hajapata kuukanyaga. Baridi ya Juni ikianza aliilalamikia kama mgeni aliyeshuka jana kwenye lori. Ukimwambia ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, alicheka akasema, "Usiwafundishe watu kuziba nyufa, weye. Tutakula wapi?"

Somo lake la kwanza lilikuwa la jiwe lenyewe. Mawe ya Iringa mnayajua, magumu, mnayakalia kupiga picha. Kijana ukipewa nyundo unataka kulipiga jiwe kama mwizi. Yeye alinizuia mkono. "Jiwe halipigwi kwa hasira, mwanangu. Hasira kapigie punda." Akaniagiza nilimwagie maji asubuhi, jiwe zima, kisha nikae ninywe chai. Jua likilipata, jiwe hukauka. Mahali panapobaki pabichi kama uzi ndipo mshipa wake ulipo, na hapo ndipo unapopanga kabari zako. Unazigonga moja baada ya nyingine, polepole, unasikiliza mlio. Mlio ukishuka, weka nyundo chini usubiri. Jiwe litapasuka lenyewe, wewe ukiwa umekaa.

Jingine ni la herufi. Herufi hazichongwi saa sita mchana. Jua likiwa utosini hakuna kivuli, na pasipo kivuli huoni kina. Nililijua hilo kwa kuambiwa, lakini siku moja Mbeya, kwenye jiwe la daraja, mvua ilikuwa inakuja na mimi nilitaka kumaliza, nikachonga mchana kutwa. Fundi Athumani alikuja jioni, akafumba macho, akapitisha kidole kwenye mstari wangu kuanzia mwanzo. "Hapa ulikuwa umeshiba," akasema. Kidole kikaendelea. "Hapa njaa imeanza." Kikafika mwisho. "Na hapa ulishakwenda nyumbani, mwili tu ndio uliobaki." Tulilisawazisha jiwe lile upya, nami nikachonga tena kwa jua la asubuhi na la alasiri, siku nzima nikichekwa na vibarua.

Tena lowesheni jiwe mnapochonga, na mfunge kitambaa puani. Hatukufunga. Tuliona ni mambo ya kike. Vumbi lile halitoki, linakaa kifuani linasubiri uzee. Kwa Fundi Athumani halikusubiri hata huo uzee.

Mnaamini mnapomsikia mtu akisema chini ya kila jiwe la serikali kuna mali? Imani hiyo si yenu, mmeirithi. Tulipeleka jiwe la kumbukumbu Makongolosi, kule kwenye dhahabu ya Chunya, kwa ajili ya njia ya kwanza iliyofika machimboni. Tulilisimamisha vizuri, timazi imekaa sawa. Tuliporudi baada ya mvua tulilikuta limelala ubavu, pembeni pana shimo la kuingia mtu mpaka kifuani, na ndani ya shimo yuko mzee mmoja anachimba bila wasiwasi. Fundi akamwuliza, "Unatafuta nini, bwana?" Yule mzee akajibu, "Mzungu hawezi kupanda jiwe bure." Tukamwambia ni sisi tuliolipanda. Akatutazama kwa huruma, akasema, "Basi nyinyi hamkuambiwa," akaendelea kuchimba. Ilibidi tusubiri achoke ndipo tufukie.

Sasa mnara wa njia panda.

Ulikuwa wa kuwakumbuka waliokufa katika vita vya kwanza, vita vya Mwingereza na Mjerumani, ambavyo wazee walikuwa bado wakivizungumzia kwa sauti ya chini. Bwana wa ujenzi, Mwingereza mmoja mwenye haraka zake, alituletea karatasi ya maandishi. Juu majina ya maofisa, chini yao askari wachache, na mwisho kabisa mstari mmoja uliowataja wapagazi, wote kwa pamoja, bila jina hata moja. Sikushangaa. Herufi chache ni kazi chache, ndivyo nilivyofikiri.

Tulikuwa tunachimba msingi, tumezungushia turubai kwa sababu ya upepo, alipokuja mama mmoja wa Kihehe na kikapu kichwani. Wote tulimwita Bibi Sekalinga, ingawa wakati ule hakuwa mzee sana. Alikuwa akiuza viazi kwenye soko la chini. Alisimama pembeni mpaka nikaona aibu, nikamsalimia.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Hii jiwe yenu, mnaandika nani?"

Nikamweleza ni waliokufa vitani.

"Na wale ya kubeba mizigo?"

"Wapo, bibi. Watakuwa chini hapa."

"Majina?"

"Majina hakuna. Wameandikwa wote pamoja."

Akatazama shimo. "Kaka yangu hakuenda pamoja," akasema. "Alichukuliwa peke yake, shambani."

Akashusha kikapu, akakaa juu ya mawe yetu, akatueleza. Kaka yake aliitwa Kadege. Alikuwa analima, mvua za kwanza zimeanza, askari wakaja kutafuta watu wa kubeba mizigo ya vita. Wakamshika pale pale kwenye tuta. Jembe lake lilibaki limesimama ardhini. Alipelekwa kusini, watu wakasema Songea, wengine wakasema mbali zaidi, na hakurudi. Hakuna aliyeona maiti. Mama yao akakataa matanga. Alisema mtu ambaye hajaonekana amekufa haliliwi, atarudi. Akamwekea chakula miaka na miaka, mwisho akafa yeye.

"Sasa mimi nimebaki," alisema Bibi Sekalinga. "Wazee wa ukoo wanasema mtoto akiugua, ni Kadege. Ng'ombe ikitupa mimba, ni Kadege, hana pa kulala. Tutambike wapi? Kaburi hakuna." Halafu akafunua kikapu. Chini ya viazi, ndani ya kitambaa, lilikuwamo jembe. Chuma tupu, mpini ulishaoza zamani, bapa lake limelika nusu. Alilitunza tangu siku ile. "Mtu yetu akipotea kabisa, tunamzika kwa kitu yake. Lakini kumzika nyumbani mama alikataa mpaka anakufa, siwezi kuvunja neno yake. Hapa nyinyi mnamjengea serikali. Mumlaze hapa."

Nawaambia ukweli, niliogopa. Mimi ni Mlutheri, nilibatizwa, niliimba kwaya. Pia niliogopa kibarua changu. Nikamtazama Fundi Athumani, nikitumaini atamfukuza ili mimi nisilazimike.

Naye alikataa kweli. "Mama, mie siziki jembe," akasema. "Kwetu hiyo haifai. Anayezikwa ni mja, jembe lizikwe kwa lipi? Wallahi siwezi." Alisema kwa heshima, lakini alikataa. Yule mama hakubishana. Alifunga kitambaa chake taratibu, machozi yakimtoka. Akaanza kuinua kikapu.

Fundi Athumani akageuka akatazama jua. "Alasiri inakaribia," akaniambia mimi, si yeye. "Nakwenda kuswali. Leo nitakawia, nina mtu wa kumwona Mlandege. Zege nitamwaga nikirudi." Akapiga hatua, akasimama. "Kina cha msingi nimeshakipima. Sipimi tena." Akaenda zake, amefunga mikono nyuma, huku anakohoa.

Mimi nilibaki na ule mzigo, nikamwambia bibi ashushe kikapu. Bibi Sekalinga aliwaita wanawe waliokuwa sokoni na mzee mmoja wa ukoo wao. Walikuja upesi, wakaingia ndani ya turubai mchana ule, huku nje malori yanapita na watu wanaendelea na bei za vitunguu. Nilishuka mimi shimoni kwa sababu ndimi niliyejua pa kukanyaga. Nikachimba kidogo chini ya usawa wa msingi, nikalilaza jembe, makali kuelekea kwao kama mzee alivyoelekeza. Mzee akanyunyiza unga wa ulezi na maji, akasema maneno ya Kihehe ambayo nusu yake niliyaelewa. Kisha akampisha dada mtu.

Bibi Sekalinga aliinama ukingoni. Nilidhani atapiga yowe, nikawa nafikiri nitawaambia nini watu wa nje. Hakupiga. Alisema, "Kadege, lala sasa. Tumechoka kukungoja."

Nililia, wajukuu zangu. Nilikuwa shimoni na mwiko mkononi, ninamlilia mtu nisiyemjua.

Fundi aliporudi hakuniuliza kitu. Aliangalia mchanga uliosawazishwa, akasema Bismillahi kama alivyosema kwa kila kazi, akaanza kumwaga zege. Kwa kawaida alilimwaga kwa fujo na matusi. Siku ile alianza pembeni, akalileta katikati kidogo kidogo kwa chepe. Usiku ule baridi ilikuwa kali, tukafunika msingi kwa magunia, na kwa siku zilizofuata tukawa tunaunywesha maji ili usipasuke.

Mnara ukasimama. Walikuja waliovaa vizuri, wakasoma maneno yao. Bibi Sekalinga alikuwa mbali, kwenye viazi vyake.

Miaka iliyofuata nilipewa kuusafisha. Kusafisha jiwe nako kuna elimu yake. Msilisugue kwa mchanga, wala msiliguse kwa dawa kali, mtalichubua na kuvu itarudi mara mbili. Maji na brashi ya katani vinatosha, na subira. Kila mwanzo wa mvua nilikuta unga nyuma ya mnara, mara nyingine na tone la ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nilimwambia bibi aweke upande wa nyuma tu, tena kidogo, kwa sababu mbuzi wa mjini walishaujua mnara ule na walikuwa wanafika kabla yangu. Siku moja bwana wa ujenzi akauona unga. "Nani naleta hii takataka hapa?" Fundi Athumani akamjibu bila kupepesa macho, "Upepo, bwana. Kule juu iko mashine ya kusaga." Bwana akatazama kule juu, akatikisa kichwa, akaondoka. Mashine ya kusaga ilikuwapo kweli, ila upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko huko.

Basi miaka ya hamsini ikiwa inaelekea kwisha, likaja agizo kwamba njia panda inapanuliwa, mnara uhamishwe upelekwe karibu na ofisi za serikali. Jiwe libomolewe kwa uangalifu, msingi ung'olewe, shimo lifukiwe. Fundi Athumani wakati huo alikuwa hawezi tena kuinua nyundo kubwa. Alikaa kwenye kiti akielekeza kwa fimbo, na kila alipokohoa tulisimama tumngoje.

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumwambia Bibi Sekalinga. Nilishapanga maneno: nitalitoa jembe kwa heshima, nitalipeleka kule kwenye msingi mpya, hakuna atakayejua. Niliona nimefanya jambo la busara.

Alinisikiliza, mkono kwenye mizani. "Mnamhamisha?"

"Tutamhamisha vizuri, bibi."

"Hapana." Hakupandisha sauti. "Mtu hazikwi mara mbili. Jiwe ni ya serikali, pelekeni. Kadege ni yangu. Mwacheni amelala."

"Agizo linasema msingi ung'olewe."

"Wewe ndiye unang'oa," akasema. "Si agizo."

Usiku sikulala. Asubuhi nilimweleza Fundi. Akasema nimwite bwana wa ujenzi. Bwana alipofika, Fundi alimwonyesha kwa fimbo: msingi huu ni imara, uko chini ya usawa wa barabara, tukiung'oa udongo utatitia na barabara mpya itapasuka pembeni. Tukate juu tu, tufunike. Hakuna neno la uongo hapo, mjue. Msingi ulikuwa imara kweli, nilijenga mimi. Bwana, kwa kuwa alikuwa na haraka zake, akasema fanyeni hivyo. Tukakata juu, tukafunika kwa udongo na kokoto, na mnara ukapanda lori. Fundi Athumani hakumaliza mwaka ule. Alizikwa hapa Iringa, si Bagamoyo, na kaburi lake nililiwekea jiwe la kichwani mimi, bila herufi, kama alivyotaka.

Bibi Sekalinga aliendelea kuja. Mvua zikianza, mtu mzima anasimama pembeni ya barabara pasipo na kitu, ananyunyiza unga kwenye kokoto. Watoto walimwita mwendawazimu. Alipokufa, wanawe walikuwa wamehamia Ubaruku kwenye mpunga, na wajukuu wake nadhani hawajui hata jina la Kadege. Nilibaki mimi. Tangu hapo, mvua za kwanza zikinyesha, Mlutheri huyu huenda pale na unga kidogo mfukoni, najifanya nafunga kamba ya kiatu. Mchungaji akilisoma hili anisamehe. Sijui kama ni dhambi, na nimechoka kuuliza.

Mnara wenyewe mnaujua ulipo. Kila mwaka unawekewa maua. Chini yake hakuna mtu, mashine yenu mkiipitisha haitalia.

Inalia pale penu, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwa sababu chuma ni chuma. Mwaka huu miguu yangu haifiki njia panda, nimejaribu, niliishia kwenye duka la pale kona nikarudi. Na mawingu mnayaona. Basi mkija, msinipe pole. Kopo la unga liko dirishani, chukueni kidogo mwende nao. Majembe yenu yaacheni hapa kibarazani.